Stika Nyeusi za Vespa ya Suhail

Jua lilikuwa linazama, nami nafagia mabaki ya stika mlangoni pa kibanda changu, Mkunazini. Sumaiya akaja na vespa nyekundu. Hakuipanda. Aliisukuma, jasho linamtoka.

Vespa ilikuwa ya kaka yake, Suhail, aliyefariki kwa ajali njia ya Paje. Hata arubaini yake ilikuwa bado.

"Sabri, nnataka uibandike stika nyeusi. Yote. Usibakishe wekundu hata chembe."

"Lakini Suhail akiipenda rangi hii..."

"Ndiyo maana."

Akatazama nyuma, kisha akanong'ona. Kila magharibi akitoka kazini, kiti cha nyuma kinabonyea. Mtu anapanda. Akifika nyumbani, mtu yule anamwambia: si hapa, Suma, twende mbele.

"Ni yeye?"

"Sauti yake. Jana tumefika ukuta wa makaburi, Mwanakwerekwe. Leo atataka tuingie."

Sikucheka. Nikaiingiza vespa ndani, nikafunga mlango, nikaanza kazi. Napasha stika kwa hewa moto, naivuta, naikandamiza. Sumaiya ananimulikia kwa simu, midomo yake inasoma Ayatul Kursiyyu.

Ubavuni, chini ya kiti cha nyuma, vikatokea viputo. Nikavisukuma nje.

Vikarudi.

Vidogo, vimepangana kama ncha za vidole. Vinasukuma kutoka ndani...

Nikavitoboa kwa sindano. Hewa ikatoka polepole, na harufu ikajaa kibanda kizima.

Kafuri, ile ya maiti.

Sumaiya akaziba pua, analia kimyakimya. Sikuacha mpaka ikawa nyeusi tii. Akaiwasha, akaondoka. Kiti cha nyuma hakikubonyea.

Sikuwahi hata kuzima taa.

"Sabri."

Sauti ilitoka nje. Nikakaribia kuitika naam, nikauuma ulimi.

"Sabri... umeiona vespa yangu? Ile nyekundu?"

"Hapa hakuna vespa nyekundu," nikasema.

Halafu nikasikia mtu anakaa barazani, taratibu, kama mwenye viungo vinavyouma.

"Basi ntaingoja."

Tangu siku ile Sumaiya analala usingizi wake. Sikumwambia kitu. Mimi nikawa nafunga kazi alasiri, naye wa barazani yupo. Wapita njia wakikaa pale huinuka upesi, wanajipangusa nguo. Wanasema saruji ina unyevu.

Juzi kazi ilinichelewesha. Adhana ya magharibi inamalizika, simu ikalia.

"Sabri, stika imebanduka ubavuni," alisema Sumaiya. "Pamebaki pekundu. Kama mtu kapakwangua kwa kucha. Nnakuja hapo, niko karibu."

"Usije! Suma, geuza, usije!"

Simu ilishakatika.

Nikaisikia vespa inaingia kichochoroni.

Na pale barazani, mtu akasimama.