Ua Lililotulia

Wiki tatu baada ya kumzika mkewe, rafiki yangu Osward alipanda milima ya Ibaba kupiga picha za maua ya okidi ya porini, yale ambayo viazi vyake hupikwa chikanda, chakula kinachokatwa vipande kama mkate. Hakuwa akihisi chochote. Kukaa ndani tu kulimshinda. Mchana ule ukungu ulishuka, kukawa giza. Upepo ukalitikisa ua alilolilenga, kamera ikashindwa kulinasa. Akabana pumzi. Sikioni pake akasikia pumzi nyingine ikibanwa, na ua likatulia tuli. Akapiga.

Kwenye studio mjini Vwawa, fundi aliyesafisha picha alimuuliza, "Kaka, nani alikushikia ua?"

"Nilikuwa peke yangu."

Fundi akamsogezea picha. Ilitoka safi, hata vinyweleo vya ua vilionekana. Vidole viwili vyembamba vilikuwa vimeshika bua, kucha zimejaa udongo mbichi.