Jina la Safu ya Tatu

Asubuhi ile foleni ya ofisi ya ardhi ilifika hadi kwenye ngazi. Fundi cherehani, aliyevaa gauni la samawati alilolishona mwenyewe, alipofika dirishani alimwambia karani wa masjala kwamba hadai kiwanja. Anamtafuta baba wa babu yake. Mama yake alikuwa amechongesha jiwe la kaburi la babu, na baada ya "mwana wa" pamebaki nafasi tupu, maana marehemu hakuwahi kumtaja baba yake.

"Hapa tunatunza ardhi, dada, si mababu."

"Na hiyo ardhi ilikuwa ya nani, ya panya?"

Karani akacheka, na aliyecheka ameshashindwa. Alichukua namba yake ya simu kwa ajili ya jalada, akaipiga siku hiyo hiyo kwa ajili ya nafsi yake. Wiki tatu simu hazikukauka. Huyu akawa "fundi wangu", yule akawa "Bwana Vumbi", kwa jinsi mikono ya shati lake ilivyorudi kijivu kila jioni. Fundi akamshonea shati jipya. Vipimo alivichukua kwa macho tu, na likamkaa. Wakaanza kuzungumzia siku ya kwenda kwa wazazi.

Ndipo daftari la wakoloni likapatikana, nyuma ya kabati la chuma. Mazoea ya karani yalikuwa kutafuta mstari ulioombwa, kuunakili na kulifunga daftari. Akaupata mstari wa babu wa fundi: namba ya kiwanja, jina, na kwenye safu ya tatu, "mwana wa", jina alilolijua tangu utotoni. Ndilo lililoandikwa kama jina la baba kwenye hati ya kiwanja ya babu yake mwenyewe, ile iliyotundikwa sebuleni kwao. Basi mababu zao walikuwa ndugu. Na kwao wote wawili, watu wa damu moja hawaoani.

Hakumwambia. Alizima simu, akarudia mashati yake ya zamani. Fundi alipiga siku nne. Siku ya tano akaamini ameachwa kwa kuwa yeye ni mtu wa sindano na mwenzake ni mtu wa ofisi. Alisali, akajifuta uso, akaenda kupanga foleni kama watu wengine.

"Kama umenichoka, sema. Mimi si jalada la kufungiwa kabatini."

Karani akaingia masjala. Akamletea daftari, akaweka kidole kwenye safu ya tatu, akasema kuwa huyo ndiye baba wa babu yake pia. Fundi akasoma, akakaa kwenye benchi. Jina la jiwe limepatikana, mchumba amekwenda nalo. Kisha, kama mtu aliyezoea kukagua nguo hadi upande wa ndani, akageuza ukurasa. Akageuza tena.

"Bwana Vumbi, hebu njoo. Huyu naye ni mwanawe. Na huyu. Na huyu." Akahesabu kwa kidole. "Watoto arobaini na mmoja, wote rika moja. Mwanamume gani huyu?"

Karani mzee wa meza ya nyuma, aliyebakiza mwezi mmoja astaafu, alikuja akafungua ukurasa wa kwanza, penye amri ya mzungu aliyeandikisha viwanja. Mwenye jina la safu ya tatu alikuwa nyapara wa machimbo ya mawe. Kibarua hakuandikiwa kiwanja bila mdhamini, na jina la mdhamini ndilo lililojazwa safu ya tatu.

"Hakumzaa hata mmoja wao," mzee alisema. "Siku hizi ukurasa wa kwanza hamuusomi?"

Karani akakaa kwenye benchi, mbali kidogo na fundi.

"Kumbe sebuleni kwetu tumemtundika mgeni. Nami nikakuacha kwa mstari mmoja."

"Mstari ungeweza kumdanganya yeyote. Kosa lako ni kutoniuliza."

Aliomba msamaha, taratibu, na fundi akamwacha amalize.

"Na jiwe?"

"Mama atafutisha "mwana wa", jiwe lisawazishwe. Mungu anajua alikuwa mwana wa nani."

"Basi nije kwenu lini?"

Fundi akaitazama kola yake iliyochakaa.

"Jumamosi. Na uje na lile nililokushonea."