Maji ya Kiema

Jioni ile Mwaitu, mama yangu, aliniita jikoni, akafunga mlango, akanipa chupa tupu ya dawa ya kikohozi.

"Muthoki, kesho mkifika Mombasa unijazie hii maji ya bahari. Uteke wewe mwenyewe, umesikia? Mtu mwingine asiishike. Na usiambie watu wa kanisa."

Alikuwa mwimbaji wa kwaya hapa Matiliku, mwanamke wa kukemea waganga hadharani. Lakini Kiema, mdogo wangu wa miaka saba, hakuwa amesimama kwa miguu yake tangu Pasaka. Hospitali ilishindwa, maombi yakashindwa. Watu walisema maji ya bahari hufukuza mapepo, na Mwaitu alikuwa amechoka kubagua dawa.

Kiema mwenyewe alijali tu lile basi la safari yetu ya shule. Hakuwa ameliona basi kwa karibu.

"Likirudi utaniita nilione?"

"Nitakuita."

Ilikuwa 1974, nikiwa kidato cha pili. Mwalimu Evanson alituzungusha Fort Jesus na vichochoro vya mji wa kale mpaka miguu ikauma, kisha akatupa dakika kumi za kuona bahari. Dakika kumi! Sisi tuliozoea mito ya mchanga mtupu. Kila nilipoinama kuteka, wimbi lilinijia nikaruka nyuma. Firimbi ya mwalimu ikalia.

"Lete nikutekee, mwana wa Matiliku."

Kikamba. Kikamba cha kwetu kabisa.

Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama majini, yamemfika kiunoni. Nilifurahi mno kukuta mtu wa nyumbani, nikampa chupa. Mjinga mimi.

"Ni ya nani?"

"Ya ndugu yangu."

"Anaitwa nani?"

"Kiema."

Aliweka midomo kwenye chupa, akalitamka jina hilo ndani yake. Polepole. Mara mbili... Kisha akaizamisha.

Alipotoka kunikabidhi, leso yake ilikuwa kavu.

Kavu kabisa. Na alinuka udongo uliochimbwa sasa hivi.

Nilikimbilia basi, sikumwambia mtu. Tulifika Kiema amelala, nikaona nisimwamshe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jioni iliyofuata Mwaitu alimwosha kwa nusu ya maji. Asubuhi mtoto alisimama, akatembea mpaka mlangoni. Mwaitu alipiga vigelegele, na Jumapili akatoa ushuhuda kanisani. Chupa hakuitaja.

"Njoo nikuonyeshe basi lilipopita," nilimwambia mtoto.

Akanigeukia.

"Basi gani?"

Kila alipolala shuka lililowa, na likikauka lilibaki na chumvi. Mwaitu alilifua mwenyewe.

Leo yule aliyesimama asubuhi ile ana duka Sultan Hamud, ana mke na watoto watatu. Ni mpole, na kila Krismasi hunitumia sukari na unga. Namchukia, na naona aibu kumchukia.

Mwaka wa tisini na moja, Mwaitu akiwa anakata roho, alinivuta karibu.

"Nilijua asubuhi ile ile kuwa si yeye," alinong'ona. "Nitakosaje kumjua mwanangu? Lakini nilitaka mwana wa kiume wa kuniita mama."

"Na Kiema?"

Akanyoosha kidole chini ya kitanda.

Ile chupa... Nusu ya maji ilikuwa bado imo, baada ya miaka kumi na saba.

Labda nikimmwagia yule mwenye duka maji haya, Kiema atarudi. Labda. Lakini atarudi mtoto wa miaka saba, na wale watoto watatu watamwita nani baba? Mwaitu alichagua, akafa, akaniachia mimi mzigo. Hata akiwa kaburini sijamsamehe.

Kwa hiyo naiweka chupa kabatini. Giza likianza kuingia, kitu hugonga kioo cha chupa kutoka ndani.

Tk... tk...

"Muthoki, basi limefika?"

"Bado," namwambia. "Lala. Nitakuita."