Shuka Iliyotafunwa Kitanda Namba Nne

Jumatatu, saa tisa na dakika arobaini alasiri, Soipan alifungua pazia la kitanda namba nne, akainua mto ili autandike upya, na chini yake akakuta vitu viwili: bahasha kubwa ya kahawia, na pindo la shuka nyekundu lililotafunwa. Halikuchanika. Lilitafunwa. Meno yalikuwa yamepita mpaka upande wa pili, na nyuzi zilikuwa bado na mate.

Mwenye shuka, Mzee Saning'o wa Kimuka, alikuwa chali, mguu umefungwa ubao kuanzia kiunoni. Pikipiki ilimgonga Ijumaa. Alitazama dari kama mtu anayehesabu ng'ombe wake huko juu.

"Takwenya," mzee alimsalimu.

"Iko, papa. Unaumwa?"

"Niko sawa."

"Na hii shuka, nani ameitafuna?"

"Panya."

Soipan alimshika mkono. Mapigo mia moja thelathini na mbili kwa dakika. Basi panya huyo alikuwa na kazi nzito kweli. Akasoma karatasi iliyoning'inia kitandani: mofini, saa saba na dakika ishirini. Maumivu: sufuri. Mtu aliyechomwa mofini ya kutuliza maumivu saa mbili zilizopita hatafuni shuka yake.

Akaita daktari. Daktari akafungua chupa mpya mbele ya Metroni Caren, akamdunga mzee. Robo saa baadaye mzee alikoroma mpaka kitanda namba tano wakalalamika. Kwa hivyo dawa ilikuwa nzima. Ila ile ya saa saba haikufika mwilini mwake.

Metroni hakupiga kelele. Angepiga kelele, hofu ya Soipan ingepungua. Alifungua tu kabati ya dawa kali, akatoa kitabu chake kikubwa cheusi. Kila chupa ya mofini inayotoka humo huandikwa: nani ametoa, nani ameshuhudia akimdunga mgonjwa. Watu wawili, saini mbili.

"Hesabu ya chupa imetimia. Hata ya zile tupu imetimia," Metroni alisema. "Saa saba na dakika ishirini. Ametoa Kalunde. Ameshuhudia Soipan. Hii ni saini yako?"

"Ni yangu."

"Uliona mzee akidungwa?"

Hapa msomaji amsamehe Soipan kidogo. Leseni yake ya uuguzi ilikuwa na wiki tatu. Saa hiyo ya saba alikuwa kliniki ya watoto upande wa pili wa jengo, akililiwa na watoto kumi na wanane. Lakini Jumamosi asubuhi Sista Kalunde alikuwa amemwita, "Mrembo, nisainie mistari mitatu hapa, nisikukimbize kila saa. Hapa sote tunafanyiana hivyo." Na Sista Kalunde ndiye aliyemfundisha kutafuta mshipa, ndiye aliyemgawia chapati siku ya kwanza. Mkubwa akiomba saini, unampa kama unavyompa salamu. Soipan alisaini mistari mitupu, mitatu, na tabasamu juu.

"Ndiyo, Metroni," alisema. "Niliona."

"Sawa. Koplo Meitamei wa polisi anafika saa kumi na moja. Mtarudia hayo mbele yake. Aliyedanganya, nitaandikia baraza la wauguzi mimi mwenyewe, na leseni yake ataipigia kwaheri."

Soipan alitoka akihisi viatu vimekuwa vya mtu mwingine. Kwenye korido Sista Kalunde alimshika bega. Mama wa miaka hamsini hivi, mpole, anayetembea ameinama kidogo kwa sababu ya mgongo.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Usibadilishe neno. Mimi nilikuta sindano kwa trei, Nick ameshavuta dawa. Nikaidunga tu. Kama ilikuwa maji, basi Nick ndiye anajua."

"Unadunga dawa ambayo hukuvuta?"

"Tulikuwa na haraka. Wewe nyamaza, yataisha."

Saa kumi na dakika tano Soipan alimpata muuguzi Nick kwenye chumba cha chai, akikoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari.

"Nick, saa saba ulikuwa wapi?"

"Mimi? Hapa. Wadini. Kwani?"

"Ulimwandalia mzee sindano?"

"Sijaandaa kitu!"

"Basi ulikuwa unafanya nini?"

"Soipan, kwani wamekuajiri upelelezi, DCI? Wacha nikunywe chai." Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na shati lake lilikuwa na doa la mafuta saizi ya sarafu.

Ni yeye, Soipan alijiambia. Karibu afurahi. Kama ni Nick, basi saini yake ni kosa dogo la karatasi, na Sista Kalunde atabaki Sista Kalunde. Alitembea korido ile mara tatu akijaribu kuliamini jambo hilo. Mara ya tatu akakumbuka bahasha.

Alirudi kitanda namba nne. Mzee alikuwa bado anakoroma. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha za nyonga, za ile mashine kubwa ya duara, zenye tarehe ya leo. Hospitali yao haikuwa na mashine hiyo. Ilikuwa na mashine moja tu ya picha, na hiyo ilihitaji kupigwa teke ndipo iwake. Wagonjwa wao walipelekwa mjini Kajiado, na kwenye ubao wa ratiba safari ya mzee ilikuwa imeandikwa kesho.

Dereva wa ambulensi, Gakuru, alikuwa akiosha magurudumu nyuma ya jikoni.

"Daktari wangu!" alimwita. "Umekuja kunioa ama kunipima presha?"

"Nimekuja kuangalia kitabu chako cha safari."

"Hivyo ndivyo mapenzi huanza," Gakuru alisema, akampa.

Soipan alisoma akiwa amesimama. Akasoma tena akiwa ameketi juu ya gurudumu la akiba.

"Na huyu aliyesindikiza mgonjwa ni Nick?"

"Nani mwingine? Kajiado walimpigia simu ghafla, nafasi imepatikana leo, tukatoka mbio. Lakini mimi sikukwambia tulisimama wapi Isinya."

"Sijakuuliza."

"Ndiyo maana nakupenda."

Saa kumi na dakika hamsini na tano. Dakika tano zilizobaki za kuwa muuguzi, Soipan aliwaza. Angeweza kukirudisha kitabu. Mzee angesema yuko sawa, kama alivyosema Jumamosi na Jumapili, siku ambazo yeye Soipan, binti wa Kimaasai aliyelelewa Entarara, alimwandikia sufuri akijua fika kwamba mzee wa rika lile hawezi kumwambia msichana kwamba anaumwa. Alikiweka kitabu kwapani.

Ofisini kwa Metroni walikuwa wanne wakimngoja. Koplo Meitamei, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, alikuwa na kalamu tayari.

"Sista Kalunde, tuanze na wewe. Saa saba na dakika ishirini ilikuwaje?"

"Nilikuta sindano kwa trei, imevutwa na Nick. Nikampelekea mzee."

"Uongo!" Nick aliruka. "Mimi sikuvuta!"

"Ulikuwa wapi, kijana?"

Nick aliangalia viatu vyake. "Wadini, afande."

Koplo akaandika. Soipan aliona jinsi alivyoandika, na akajua Nick amekwisha.

"Naomba kuuliza," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Sista, ulimdunga wapi?"

"Pajani. La kulia."

"Hapana. Yeye mzee, alikuwa wapi?"

"Kitandani! Kwani ningemdungia sokoni? Nilimgeuza ubavu, nikamdunga, akanishukuru, ashe oleng. Na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo, mwanangu. Umeshasema."

"Nilisema. Nilidanganya."

Metroni aliweka kalamu chini.

"Nilisaini mistari mitatu mitupu Jumamosi. Sikushuhudia hata mmoja. Leo saa saba nilikuwa kliniki ya watoto." Akafungua kitabu cha Gakuru juu ya meza. "Ambulensi ilitoka saa sita na nusu. Ikafika Kajiado saa saba na robo. Ikarudi saa tisa na dakika ishirini na tano. Mgonjwa, Saning'o. Msindikizaji, Nick. Ile saa unasema amekuambia ashe oleng, Sista, mzee alikuwa Kajiado anashushwa kwa ambulensi."

Koplo alikivuta kitabu, akazifuata saa hizo kwa ncha ya kalamu.

"Nick?" Metroni aliuliza.

"Ni kweli," Nick alisema, karibu alie. "Sikuandika kwa daftari ya wagonjwa wanaotoka. Na tukirudi tulisimama Isinya, nikashuka nikanunua mutura kwa mchoma nyama. Mgonjwa akiwa ndani. Niliogopa kusema."

"Mutura," Koplo alirudia polepole, akiandika.

"Angempelekea sindano yoyote, hata ya maji, angekuta kitanda kitupu," Soipan alisema. "Hakufungua hata pazia. Alichomoa dawa, akajaza mstari wangu, akaenda zake."

Sista Kalunde alitoa funguo za kabati mfukoni, kisha kutoka mfuko wa ndani wa sweta akatoa sindano iliyofungwa kwa pamba. Akaziweka pamoja mezani, kwa utaratibu, kama anayekabidhi zamu.

"Mgongo uliniisha nikiinua wagonjwa," alisema. "Nilianza na ile inayobaki kwa sindano, ile tunamwaga. Kisha ikawa haitoshi."

"Na kwa nini yeye?" Metroni aliuliza.

"Kwa sababu hangelalamika." Akamgeukia Soipan. "Na wewe kwa sababu una heshima."

Neno hilo lilimuuma Soipan kuliko kofi. Koplo alifunga daftari, akamfungulia Kalunde mlango kama mtu anayemfungulia mama yake.

Metroni alibaki akitazama ile mistari mitatu. "Naandika barua leo. Jina lako litakuwemo. Leseni sijui watafanya nini nayo, Soipan. Siwezi kukuahidi."

"Najua. Naomba niandike ya kwangu mwenyewe."

"Andika. Kwanza maliza zamu."

Saa kumi na mbili kasoro robo alisimama kitanda namba nne, pazia wazi. Mzee alikuwa ameamka. Soipan hakuchukua kalamu. Alivuta kiti, akaketi, akaweka lile pindo lililotafunwa juu ya magoti yake na kuanza kulishona, bila haraka, kama mtu aliye na jioni nzima.

"Papa, unaumwa?"

"Niko sawa."

Akashona. Hakuondoka. Mzee aliangalia sindano ikiingia na kutoka, akaangalia dari, akaangalia tena sindano.

"Inauma," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini sana. "Inauma, entito. Tangu Jumamosi."

Soipan akachukua kalamu, akakata ile sufuri kwa mstari mmoja unaoonekana, akaandika namba ya kweli na saa yake. Kisha akamwita Metroni aje ashuhudie.