Jino la Kwanza la Jerop

Wangechi wa Free Area, Nakuru, ni mtu wa kinyaa, majirani wote wanajua. Kijiko cha mtoto anakichemsha mara mbili. Ukimbusu mtoto wake mdomoni, atakukazia macho mpaka uombe msamaha. Na maji ya Jerop ni ya chupa, hata yale ya kumpangusa uso. Hayo ya chupa yalikuwa na sababu yake. Yeye na mumewe Kibii walikulia maji ya visima vya Rift Valley, yale yanayotia meno rangi ya kahawia, na tangu shule Wangechi alizoea kucheka amefunika mdomo kwa kiganja. Aliapa kwamba binti yake hatacheka hivyo. Jerop alikuwa na miezi saba, fizi tupu, na kila asubuhi mamake alizipitishia kidole kisafi kuangalia kama kuna jino limechungulia.

Krismasi hiyo walienda kwa kina Kibii, mara ya kwanza tangu waoane. Zamani kwa mzee Kosgei, babake Kibii, palikuwa kilima tu kando ya Ziwa Baringo, unafika na pikipiki mpaka mlangoni. Kisha ziwa likapanda, mwaka baada ya mwaka, likameza shamba, likameza zizi na nyumba ya zamani, na kilima kikabaki kisiwa kidogo chenye migunga, mipapai na nyumba tatu za mabati. Boti iliwapitisha juu ya paa la ile nyumba ya zamani. Wangechi alichungulia akaona mabati yamevaa utelezi wa kijani.

"Tafadhali," Kibii alimnong'onezea, "usianze mambo yako ya usafi hapa. Watasema nimeoa mtu wa kujisikia."

"Nitanyamaza."

Na kweli alikusudia kunyamaza. Alitaka sana wampende.

Mama mkwe, Linah, aliwapokea kwa vigelegele na chai ya maziwa mengi. Mbuzi mweupe alikuwa amefungwa kwenye mpapai akisubiri Krismasi. Jua lilikuwa kali, kwa hiyo Wangechi akamlaza Jerop kwenye mkeka jikoni, kando ya Gogo, mamake mzee Kosgei, bibi aliyekuwa haoni vizuri na aliyeketi pale pembeni ya moto mchana kutwa. Akatoka kuchambua mchele na wengine. Aliporudi, Jerop alikuwa anatafuna.

Mtoto hana hata jino moja, anatafuna nini? Wangechi akamtia kidole mdomoni. Kikatoka na kidonge cha nyama. Nyama iliyotafunwa ikasagika, baridi, imechanganyika na mate mazito ya kuvutika kama ute wa yai. Ilinuka tope. Kando ya mkeka palikuwa na nusu ya kibuyu, na ndani yake vidonge vingine vitatu, vimepangwa vizuri. Gogo alikuwa anasinzia.

Lo! Wangechi alitoka mbio, akatapikia nyuma ya jiko. Akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akanawa tena, ndipo akamvuta mumewe kando.

"Gogo wenu anamtafunia mtoto wangu nyama!"

Kibii akacheka, meno yake yote ya kahawia nje. "Hata mimi nilitafuniwa. Si ndio huyu nimekua? Huko ndiko kupendwa, Mama Jerop."

"Na hayo mate?"

"Uliniahidi."

Wangechi akarudi kwa mtoto. Lakini jioni Jerop aligeuza uso uji ulipoletwa. Akapewa titi, akalisukuma kwa mkono. Alikuwa ametulia tu, ameshiba, anaramba midomo.

Asubuhi ya Krismasi, Linah akiwa anageuza chapati, Wangechi alijikaza akasema kwa heshima zote. "Mama, naomba Jerop asipewe nyama. Tumbo lake bado changa."

Linah akashangaa. "Nyama gani, mwanangu? Hapa hatujaonja nyama tangu mwezi wa kumi. Nyama ya kwanza ndiyo ile." Akaonyesha kwa mwiko. Mbuzi mweupe alikuwa palepale mpapaini, mzima, anakula maganda.

Wangechi alitazama kile kidole chake cha jana. Alitamani kukikata.

Wanaume walipomshukia mbuzi, na Jerop akiwa na babake kwenye kivuli cha mgunga, Wangechi aliingia jikoni akapiga magoti mbele ya Gogo.

"Gogo, nisamehe. Mtoto usimtafunie tena."

Gogo akacheka. Alifungua mdomo wote ili Wangechi aone vizuri. Fizi, juu na chini. Hapakuwa na jino.

"Nitafune na nini, mama?"

"Basi ni nani?"

"Si yule anayewatafunia wote," Gogo akasema kwa sauti ya chini, kama anayetaja mtu aliye chumba cha pili. "Mke mwenzangu. Chepchirchir. Anakuja akiwa amelowa, maskini."

Sufuria ilimponyoka Linah, aliyekuwa bado mekoni. Mzee Kosgei, aliyekuwa amekuja kuchukua beseni la matumbo, alisimama mlangoni asiingie wala asitoke. Ndiye aliyesema, tena kwa kunong'ona. Chepchirchir hakujaliwa mtoto. Watoto wote wa boma lile, yeye Kosgei, nduguze, mpaka Kibii, walishibishwa na mdomo wake. Alipokufa walimzika kule chini, karibu na nyumba ya zamani. Maji yalipopanda, walifukua kaburi la baba yao wakalihamishia juu.

"Na lake?" Wangechi akauliza.

"Nilidhani ndugu yangu atalihamisha. Ndugu yangu naye alidhani ni mimi." Mzee akafuta uso. "Hakuwa na mtoto wa kumuulizia. Tukaangaliana hivyo mpaka maji yakapita."

Kibii akatokea nyuma yake, mikono imejaa damu ya mbuzi. Mikono mitupu.

"Mtoto yuko wapi?" Wangechi akasema.

"Si umemchukua? Umekuja umejifunga leso, ukainama ukambeba. Nilikuwa nachuna, sikuangalia uso."

Wangechi hakuwa na leso.

Alikimbia. Kisiwa ni kidogo, ukikimbia upande wowote unafika majini. Mchangani palikuwa na nyayo zilizolowa, zinashuka. Jua la saa sita lilikuwa juu kabisa. Kabla hajaona kitu, alisikia. Nyac, nyac, nyac. Polepole. Mtu anatafuna bila haraka.

Mwanamke mzee alikuwa ameketi ndani ya maji mpaka kiunoni, amempa mgongo, leso imemganda. Taya lilikuwa linakwenda. Likasimama. Akainama, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa Jerop, kama njiwa anavyolisha kinda.

Wangechi, mtu wa kinyaa, aliingia kwenye ule utelezi na viatu vyake. Akamnyakua mtoto. Mkono wake uligusa mkono wa yule mzee na ngozi ikabaki vidoleni mwake, laini, nyeupe, kama ya maziwa yaliyopoa.

Mzee akageuka. Uso ulikuwa umevimba kwa maji. Meno yalikuwa yote, ya kahawia, imara, na yalionekana hata akiwa amefunga mdomo, kwa sababu shavu moja halikuwepo. Lilikuwa limetafunwa. Limetafunwa kutoka ndani.

Ndipo Wangechi akajua ile nyama ilikuwa ya nini.

"Hajashiba," mzee akanong'ona. Macho yake yalikuwa ya upole. Kisha akadidimia palepale alipoketi, mpaka maji yakamfunika kichwa.

Wengine walipofika walikuta nusu ya kibuyu inaelea tu. Hakuna aliyekula mbuzi. Wangechi na Kibii waliondoka na mtoto mchana uleule, na katikati ya ziwa Jerop akatapika kwenye mapaja ya mamake. Vipande vyeupe, na mvi moja ndefu iliyotoka polepole, ambayo Wangechi alilazimika kuivuta kwa mkono. Kibii hakusema neno lolote juu ya ahadi.

Kule Nakuru daktari alimpima mtoto akasema hana tatizo. Mzee Kosgei alipeleka mchungaji, wakasali kutoka kwenye boti, maana kaburi lenyewe nani atalizamia? Wangechi akakataza nyama nyumbani kwake. Haipikwi, hailetwi, hata supu. Alimsugua mtoto ufizi kwa kitambaa na maji ya chupa, asubuhi na jioni, siku hadi siku, mpaka mwisho wa Januari kitambaa kilipokwama kwenye kitu kigumu.

Akamsogeza dirishani. Jino la kwanza lilikuwa limetoka, na halikuwa dogo. Lilikuwa pana, la kahawia, limelika juu likawa bapa, jino la mtu aliyetafunia watu miaka sitini. Akamwita Kibii. Kibii alilitazama mara moja tu. Jino hilo aliwahi kulitazama kwa karibu sana, kila siku, utotoni mwake.

"Ni lake," akanong'ona, akatoka nje.

Wangechi aliketi kitandani akalia. Alilia mpaka Jerop akamtazama, kimya, kwa macho ya upole. Kisha taya la mtoto likaanza kwenda. Nyac. Nyac. Bila haraka. Lilipomaliza, Jerop alijitia vidole viwili mdomoni, akatoa kidonge cha nyama kilichosagika vizuri, akamnyooshea mamake mpaka kwenye midomo.

Wangechi alimpanua mdomo kwa nguvu, akakagua ulimi, akakagua mashavu yote mawili kwa ndani. Yalikuwa mazima. Na kidonge kilinuka tope, kama vile vya kwenye kibuyu.