Mkate kwenye Sanduku la Mlangoni

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu asiyejua kutunga uongo.

Yeye na mdogo wake wa kike walikuwa na dunia yao kwenye kompyuta, mchezo wa kujenga kwa matofali waliouongezea vitu vya ziada mpaka mashine ikawa inahema. Kaka mtu alichimba, dada akajenga ghala chini ya ardhi: mbao huku, madini kule, mbegu peke yake. Kaka akirudi humwaga kila kitu kwenye sanduku la mlangoni. Dada humpangia huku akinung'unika, kisha humwachia mkate mmoja humohumo.

"Kula, kaka. Utakufa njaa na dhahabu mkononi."

Akafa yeye, yule dada. Homa tu, ikamwondoa.

Mchana mmoja mvua ilimfukuza fundi karakanani, akaifungua ile dunia. Mtandao aliuzima, hakutaka mtu mwingine aingie. Alichimba hadi machozi yakamziba macho, akamwaga mzigo mlangoni kama kawaida yake, akainuka kufunga dirisha.

Nyuma yake, kwenye spika, vifuniko vya masanduku vikaanza kufunguka na kufungwa, kimoja baada ya kingine, sauti ikielekea ndani ghalani.

Alirudi kitini. Mienge yote ya ghalani ilikuwa imezimika. Alipapasa gizani hadi kwenye sanduku lake, akalifungua. Mzigo haukuwemo. Mlikuwa na mkate mmoja.

"Mdogo wangu," alisema. Akaula.

Ndipo kule mwisho wa ghala kifuniko kimoja kikafungwa polepole, kana kwamba mtu alikuwa akingoja amalize kula.