Kengele ya Shimo la Tisa

Atupokile aliivuta pembetatu nyekundu kwa kidole, akaiweka juu ya picha ya kisima cha tatu, kisha akarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Ukuta mzima wa chumba cha mazoezi ulikuwa kioo kimoja, na ndani yake kilionekana kituo chote cha mvuke cha Ilundo: visima vilivyochimbwa kilomita tatu chini ya mlima, mabomba, pampu na valvu. Pembetatu ilipepesa. Akaipunguzia kasi.

"Nyekundu ya saba hiyo," alisema Mama Sekela kutoka kitini. "We Atu, unaweka kengele au unapamba harusi?"

"Nyekundu zikizidi hamtaona hata moja, mama, najua. Naziweka zote kwanza, nione ipi niiondoe."

"Haya. Pamba, halafu utapambua."

Mama Sekela alikuwa mwangalizi wa kioo kwa miaka kumi na tisa. Siku tisa zilizopita, zamu yake ya usiku ikikaribia kuisha, fundi wa valvu aitwaye Anyosisye aliteremka Shimo la Tisa, moja ya mashimo ya valvu yaliyo chini ya ardhi, na kulikuta limejaa gesi ya salfa. Gesi hiyo ikiwa kidogo hunuka yai viza. Ikizidi hainuki kabisa, kwa sababu huanza kwa kuua pua. Walimtoa akiwa hai, na sasa alikuwa hospitali, akijifunza upya majina ya watoto wake. Mashimo yote yalitiwa kufuli. Mama Sekela alizuiwa kushika zamu, na Alhamisi kamati ingeamua kama aliipuuza kengele.

Wengi kituoni walikwishaamua. Atupokile, mhandisi aliyetumwa kupanga upya viashiria, alikuwa bado. Alitaka kwanza kujua kengele yenyewe ilikuwa na sura gani asubuhi ile.

"Msikizi," aliita, "nionyeshe kioo cha siku ile, saa moja kasoro dakika kumi."

Msikizi alikuwa akili unde aliyewekwa kati ya mashine na watu. Kabla yake, vitambuzi elfu nne vya kituo vilipiga kelele ovyo, kengele elfu tatu kwa siku, mpaka waangalizi wakawa wanaota milio. Msikizi alisikiliza zote, akaonyesha zinazostahili tu. Alijifunza zipi zinastahili kwa kutazama vidole. Kila kengele ilipaswa kuitikiwa, yaani mwangalizi aiguse kuonyesha kwamba ameiona. Ikiguswa na mtu akafunga valvu au akaita fundi, ilipandishwa daraja. Ikiguswa upesi na kuachwa, ilishushwa: kutoka pembetatu nyekundu hadi mraba wa njano, kutoka mraba hadi duara la kijivu lisilo na sauti.

Kioo kilibadilika. Juu ya Shimo la Tisa palikuwa na duara la kijivu, dogo kama punje ya ulezi.

Mama Sekela aliinuka, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Hii ndiyo niliyoipuuza?"

"Ndiyo hii. Hata mimi nisingeiona." Atupokile aligeuka. "Msikizi, ilianza na daraja gani?"

"Nyekundu. Iliitikiwa mara sitini na moja, kwa wastani wa sekunde moja, bila hatua yoyote kufuata. Nikaishusha."

"Ilikuwa ikiitikiwa saa ngapi?"

"Mara zote, kati ya saa moja kasoro robo na saa moja asubuhi."

Atupokile alichukua karatasi, akachora mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa wa mvuke: kila alfajiri jiji la Mbeya hufungua majiko ya mvuke kwa pamoja, chai na uji katika nyumba laki mbili. Shinikizo hushuka, na gesi iliyotulia chini hupanda na kujikusanya shimoni kwa dakika chache. Mstari wa pili ulikuwa wa watu. Zamu hubadilishana saa moja.

"Mama, robo saa kabla ya kukabidhi zamu huwa mnafanya nini?"

"Tunafagia."

"Mnafagia nini?"

"Kioo." Mama Sekela alishangaa kuulizwa. "Utamwachia mwenzako nyumba chafu? Anaingia na baridi yote ile ya nje, hajanywa hata chai, akute taa kumi zinampepesea? Unaziitikia zote, anakuta kioo kitupu. La maana unamwambia kwa mdomo. Nilipofika hapa walikuwa wanaachiana uchafu, nikasema hapana, huo si ustaarabu. Niliwafundisha mimi."

"Na ile ya Shimo la Tisa?"

"Ile huja na kuondoka yenyewe. Na saa hizo hakuna anayeteremka. Siku hiyo Anyosisye aliwahi, alikuwa na mkutano wa wazazi shuleni kwa mwanawe..."

Aliitazama karatasi yenye mistari miwili, kisha akarudi kitini na kukaa taratibu.

"Naweza kuandika kwamba Msikizi aliificha kengele," alisema Atupokile. "Si uongo. Alhamisi utatoka salama."

"Muulize zimefichwa ngapi kwa kufagia kwetu."

"Kengele zilizoshushwa kwa miguso ya robo saa hiyo ni mia mbili na kumi na mbili," alijibu Msikizi kabla ya kuulizwa.

"Zipi tulizigusa kwa kujua hazina neno, na zipi tulizifagia tu?"

"Siwezi kutofautisha. Mguso ni uleule."

"Mimi naweza," alisema Mama Sekela. "Andika yote, Atu."

"Wanaweza kukuondoa, mama."

"Wewe ukiandika nusu, mimi nitarudi kitini, wewe utarudi makao makuu, na hizo mia mbili zitabaki kijivu na watu chini yake. Leo si Jumatatu? Mpaka Alhamisi bado nipo. Vuta kiti."

Wakaanza. Mlango wa ghala: upepo huusukuma, iache kijivu. Joto la beringi ya pampu ya pili: ilifagiwa, ipandishe. Kina cha maji kwenye tangi la kupoozea: ilifagiwa. Pembeni ya kila moja Atupokile aliandika sababu, na aliposita, Mama Sekela alimweleza tena bila haraka. Kufikia saa kumi na moja jioni walikuwa wamemaliza kumi na tisa.

Ya ishirini ilikuwa kitambuzi cha gesi cha Shimo la Kumi na Mbili. Kidole cha Mama Sekela kilisimama hewani.

"Hii sikumbuki."

"Jaribu, mama."

"Nimejaribu. Kabla Msikizi hajaja, ikilia nilikuwa namwita fundi kwa redio, yeye ndiye ananiambia kama ni gesi kweli au ni unyevu umeingia kwenye kitambuzi."

"Fundi yupi?"

Mama Sekela alianza kukusanya miwani na mtandio wake. "Anyosisye," alisema. "Wagonjwa wanaonwa saa sita mchana. Kesho tutaanzia kwake. Akinifukuza, nitasubiri nje, utamwuliza wewe."

Atupokile hakuipandisha kengele ile wala hakuiacha kijivu. Aliandika pembeni yake: bado.